Vijiti vya Rezo na Vijiti vya Wasiwasi

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa kumi

Nimeanza kuandika. Kaye hii, daftari, ni ya Soraya, ile ya karo, vyumba vidogo vidogo vya hesabu, ya mwaka wa sita. Mbele kuna hesabu zake, nyuma kuna karatasi tupu. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu tu, lakini karatasi haiulizi diplome.

Sababu ya kuandika: mutoto wangu Soraya iko Salamabila na tumbo la miezi tisa. Tumbo la kwanza. Silali vizuri. Mume wake Iliasi anachimba dhahabu kule, wamepanga chumba kimoja, na pa kulala mgeni ni pa mutu mmoja. Basi ametuma neno kwa Plamedi, motari anayepeleka watu na mizigo: siku ya uzazi atapiga simu huku Wamaza, na mama atakayempata kwanza ndiye aje kuosha mutoto siku arobaini. Mama yake au mama wa Soraya, yeye hachagui. Mwanaume anaingia kwenye shimo refu kuliko mutende bila kuogopa, lakini kuchagua kati ya mama wawili, hapana.

Hapa Wamaza rezo ya simu haipatikani pengine, iko paka juu ya mulima nyuma ya shule. Nimepanda. Nani nimemukuta juu? Mama Iliasi. Na kiti cha plastiki. Na sahani ya karanga. Amenipokea kama vile mulima ni sebule yake: karibu mukwe wangu, keti kwenye jiwe.

Telefone yangu, kijiti kimoja cha rezo. Yake hakunionyesha.

Nimerudi nyumbani. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, imeungua.

Jumanne, tarehe 7

Nimemuuliza Baba Soraya shauri. Amesema tupeane zamu na Mama Iliasi, asubuhi mimi, jioni yeye. Ndiyo shauri la mume wangu Assumani miaka yote: kila kitu zamu. Nimemupa chai yake, nimetoka.

Nimeenda kwa mwalimu Zacharie, aliyemufundisha Soraya. Mutu wa akili, viatu vyake tu ndivyo vimechoka. Ameniambia munara wa rezo unakula jua. Asubuhi una njaa, mchana unashiba, usiku unaishiwa, na kesho yake vilevile. Kitu chenye kurudi, akasema, kinaweza kushikwa. Unapima mara nyingi, unaweka matone ya wino kwenye karo, unachora musitari wa mulima na bonde, mulima na bonde. Ukiupata huo musitari, unajua kilele kitakuwa saa ngapi hata siku ambayo haijafika.

Nimeona yote palepale. Nitapata saa ya kilele. Nitamwandikia Iliasi: piga saa hiyo, kwangu. Mama Iliasi atakaa na karanga zake toka asubuhi, mimi nitapanda mara moja tu, kama sultani.

Tatizo ni saa. Betri ya telefone yangu imevimba, nimeifunga na mupira. Ikidondoka, saa inarudi sifuri. Lakini nimepata dawa. Christophe, mulinzi wa shule, anapiga ile chuma ya gurudumu saa nne kamili, rekreasio, watoto watoke kucheza. Wamaza yote inaishi kwa chuma ya Christophe. Kila siku nitarekebisha telefone hapo.

Vipimo vya leo: saa nne vijiti viwili. Saa sita vitatu. Saa tisa vitano. Saa kumi na moja vitatu. Baadaye kimoja, halafu mbu.

Jumatano, tarehe 8

Jana chuma ililia nikiwa bado njiani, nikapima nikihema. Leo nimejipanga. Nimetoka nyumbani saa tatu na nusu ili saa nne inikute juu. Nimepita kwenye lupango, ua wa shule, nimemusalimu Christophe kwa heshima, nimeonyesha telefone yangu juu, kwamba leo tuko kazini. Sijafika hata kwenye kichuguu, chuma ikalia.

Kumbe telefone yangu imechelewa dakika ishirini. Nimeisogeza mbele. Bahati nimejua mapema.

Kilele cha leo: saa tisa na dakika ishirini.

Jioni nimepeleka matone yangu kwa mwalimu. Nilikuwa nimeyaunga yote, moja mpaka jingine, hakuna hata tone moja lililobaki nje. Nilijivunia. Mwalimu ameangalia muda murefu, akauliza kama hii ni rezo au ni njia ya mulevi kurudi nyumbani. Akasema musitari haulazimiki kupita juu ya kila tone. Matone yanadanganya kidogo. Mengine yako juu kuliko ukweli, mengine chini. Musitari mzuri unapita katikati yao kama mama anayepatanisha watoto: hamupi mmoja haki yote.

Akagusa tone la leo la saa sita, lile la kijiti kimoja, akauliza hapo kulikuwa nini. Nikamwambia nilikuwa na beseni la chuma kichwani. Akasema basi hapo nilipima beseni.

Alhamisi, tarehe 9

Nimetoka saa tatu na nusu. Nimemusalimu Christophe. Chuma imelia nikiwa palepale pa jana. Telefone imechelewa dakika ishirini tena. Takataka ya telefone. Nimesogeza.

Mama Iliasi ameniuliza ninaandika nini kila saa. Nimesema ni dawa ya kifua. Amesema dawa yenye karo nyingi hivyo labda ni ya mapafu yote mawili. Amenipa karanga. Nimekula, sikushukuru sana.

Mwalimu amenifundisha jambo jipya. Kila tone unalichorea kijiti kidogo, juu na chini, kuonyesha una shaka kiasi gani. Ukipima vizuri, kijiti kifupi. Ukipima na beseni, kijiti kirefu. Mimi nimekiita kijiti cha wasiwasi. Nimechora vya siku zote tatu. Mwalimu amesema vijiti vyangu vimejaza karatasi mpaka rezo haina pa kupita, kwani nina shaka na kila kitu? Nikamwambia mwalimu, nimezaa watoto watano, huo ndio urefu wake.

Halafu nikaona kilele: Jumanne saa tisa. Jana saa tisa na ishirini. Leo saa tisa na arobaini. Kinatembea. Nimefunga kaye polepole nikiogopa kukitisha.

Ijumaa, tarehe 10

Chuma, dakika ishirini, nimesogeza. Kilele saa kumi kamili. Nilijua.

Mwalimu amesugua kichwa. Amesema jua halichelewi dakika ishirini kila siku, kitu hicho kinafanana zaidi na mwezi. Labda munara una tabia yake. Lakini matone ni matone, akasema, na haya yamepimwa na mutu mmoja kwa saa moja ileile. Akaandika: mulima unarudi kila baada ya saa ishirini na nne na dakika ishirini. Nimemuomba aandike kwa biki nyekundu.

Yeye mwenyewe haiko sawa wiki hii. Analalamika kwamba anaanza somo la sehemu, nusu na robo, hajafika kwenye kugawanya, chuma inalia. Anaona labda amezeeka, maneno yanamutoka polepole. Nimemushauri asali ya nyuki wadogo.

Watoto nao wanarudi kutoka shule kabla sijaweka chungu. Njaa ya siku hizi ina haraka.

Jioni Baba Soraya ametoka kuswali magharibi, nikamuonyesha telefone: saa moja na dakika kumi. Nikasema mmechelewa leo. Akaangalia mawingu, akaangalia telefone, akasema wameswali jua lilipozama, kama kawaida, na jua halikusema lina dharura. Nimeandika pembeni: siku zinakuwa ndefu. Nzuri kwa mihogo, itakauka.

Jumamosi, tarehe 11

Kilele saa kumi na dakika ishirini. Kama mutoto mtiifu.

Plamedi anaenda Salamabila leo. Nimehesabu kwa vidole, halafu kwa punje za mahindi, halafu mwalimu amehesabu kwa kalamu, wote tumekubaliana. Jumapili kumi na arobaini. Jumatatu kumi na moja. Jumanne kumi na moja na dakika ishirini. Nimemwandikia Iliasi: mwanangu, Jumanne saa kumi na moja na dakika ishirini kamili rezo yetu itakuwa kileleni, piga namba yangu, hata kama uchungu haujaanza, nisikie tu sauti ya Soraya.

Nikafunga barua. Nikaifungua tena. Nikaongeza: usijisumbue na namba ya mama yako, telefone yake imezeeka.

Si uongo. Ni nzee.

Plamedi ameweka barua kwenye kofia yake, ndani. Nimemupa mkungu wa ndizi wa Soraya na vitambaa vya mutoto, nimevifua mara tatu.

Jumapili, tarehe 12

Leo hakuna shule, hakuna chuma. Telefone haikuchelewa hata dakika moja, maana hakuna aliyeiuliza.

Lakini kilele kimekuja saa kumi na dakika ishirini. Palepale pa jana. Nimepima mara mbili, mukono wa kuume, mukono wa kushoto. Nimesimama kwenye jiwe, nimesimama kwenye kichuguu. Saa kumi na dakika ishirini.

Nimemupelekea mwalimu kabla ya misa yake ya jioni. Amesema tone moja likikataa, usivunje musitari wote kwa ajili yake, ila ulifikirie vizuri. Nimelifikiria njiani. Pengine rezo nayo inapumzika Jumapili. Nimelifuta kwa mate na kidole, nimeweka jingine kwenye kumi na arobaini, panapofaa. Kijiti cha wasiwasi sikuchora. Lilikuwa zuri bila kijiti.

Mama Iliasi ameleta mwavuli juu ya mulima. Sasa inabaki kitanda.

Jumatatu, tarehe 13

Chuma, ishirini, nimesogeza. Kilele saa kumi na arobaini, nilitaka kumi na moja. Nimechora kijiti kirefu, kimefika.

Nimemuota Soraya akiita na mimi nina beseni kichwani. Nimefunga mzigo: vitenge vitatu, sabuni, mafuta ya mawese ya kukanda, unga wa uji. Baba Soraya ameuliza kama nimeshapata simu. Nimesema bado, lakini nina musitari.

Jumanne, tarehe 14

Naandika yote kwa mpango, nisisahau kitu.

Saa kumi na moja nimefika juu. Vijiti vitano. Vitano kabisa. Mama Iliasi kwenye kiti chake, anamenya karanga. Saa kumi na moja na dakika ishirini nimesimama wima, telefone mkononi, nimesema bismillahi.

Kimya.

Na thelathini, kimya. Na arobaini. Nimetikisa telefone. Betri imedondoka, nimewasha tena, nimeulizia saa kwa Mama Iliasi, akasema yeye hana saa, ana karanga. Nimekadiria. Kwa makadirio yangu saa kumi na mbili na nusu matone ya mvua yakaanza. Musitari wangu unasema baada ya hapo ni bonde tu. Iliasi hakupiga, labda hakupata barua, labda Plamedi alivua kofia. Nimemuonea huruma Mama Iliasi, nimemwambia kwa roho safi: shuka nyumbani, kurbe ya leo, ule musitari wa mwalimu, imekwisha. Akasema kurbe yake ni sahani, na bado kuna karanga.

Nimeshuka. Nimepika bugali nikilia kidogo. Saa moja na nusu ya usiku, na jua bado liko juu ya migomba. Sikuwa na roho ya kushangaa.

Halafu mlango ukagongwa. Mama Iliasi. Amelowa mpaka ndani, kiti amekivaa kichwani kama kofia. Nikajua. Nikakaa chini.

Amesema: “Mukwe, telefone yangu imezeeka, lakini imelia.”

Iliasi alikuwa amemusomea barua yangu yote. Na yale maneno niliyoongeza mwisho. Amepiga kwangu mara tatu saa kumi na moja na dakika ishirini, hewani hakuna mutu, ndipo akapiga kwa mama yake. Soraya amezaa leo asubuhi. Mzima. Nikaanza kufungua mzigo wangu, nimupe vile vitenge awapelekee. Nikamwambia mafuta ni ya mgongo, si ya tumbo. Nikamwambia Soraya anapenda uji usiwe mzito.

Akaniacha niseme yote. Halafu akasema nifunge mzigo tena. Akanionyesha vidole viwili mbele ya pua.

Wawili. Musichana na mvulana. Iliasi amesema mama mmoja hana mikono minne, muje wote, yeye atalala kwa rafiki. Na mama huyu angeweza kusubiri Plamedi na kuondoka peke yake na habari mufukoni. Alishuka ule mulima kwenye matope aje aniambie. Nimemukumbatia na kiti chake.

Nilidhani siku imekwisha. Akaja Christophe kutoa pongezi, na mwalimu Zacharie nyuma yake. Christophe akakaa, akakohoa, akasema kuna jambo linamusumbua. Mama Soraya akienda Salamabila, yeye rekreasio ataijua na nani?

Tukamuuliza anataka kusema nini.

Akasema saa yake ya mukono ilikufa mwezi wa nane. Alikuwa anakadiria kwa jua, lakini mvua zimekuja, jua liko wapi. Halafu Jumatano iliyopita akaona Mama Soraya anapita na telefone mkononi, mutu wa vipimo, anapanda kuwahi saa nne. Basi tangu siku hiyo, akiniona nimepita kwenye lupango, anapiga chuma.

Mwalimu Zacharie alikaa taratibu juu ya kinu, akashika kichwa, akanong’ona: sehemu zangu. Baba Soraya alianza kucheka kwa pua, akatoka nje kucheka na mbuzi.

Yaani mimi namufuata Christophe, Christophe ananifuata mimi, na shule nzima inatufuata wote wawili. Saa mbili nzima tumezisukuma mbele, bila hata kuhema. Mwalimu amesema munara haukuwahi kutembea. Saa ndiyo iliyotembea. Akasema tone moja tu lilijaribu kutuambia, lile la Jumapili, na akaomba kuliona.

Nimesema kaye imelowa.

Alhamisi, tarehe 16

Salamabila. Jana tumeondoka alfajiri, mimi katikati, Mama Iliasi nyuma, mizigo pembeni. Plamedi alisema kiti hakiendi. Kiti kimeenda.

Soraya amenishika shingo hajaniachia muda murefu. Watoto ni wadogo kama mikate, wazima, wana kucha. Mimi naosha musichana, Mama Iliasi anaosha mvulana. Yeye anakanda kwa nguvu mno. Sisemi kitu. Nimesema mara mbili tu.

Ijumaa, tarehe 24

Mapacha wanalia usiku na mchana, lakini si ovyo. Wanapanda, wanafika kileleni, wanashuka. Mulima na bonde. Nimefungua kaye upande mwingine. Mama Iliasi amecheka, lakini amekubali kushika biki nikiwa na mutoto mkononi. Tukikijua kilele, Soraya atalala kabla yake.

Safari hii sifanyi upumbavu wa Wamaza. Nimejifunza: usifuate mulinzi wa shule, mutu asiye na haraka. Fuata mutu wa biashara. Kuna mama jirani, Viviane, anapita na beseni la mikate kila asubuhi saa kumi na mbili kamili, mtaa wote unamutegemea. Akipita tu, narekebisha telefone. Takataka hii inachelewa dakika kumi na tano kila siku, lakini sasa nina dawa yake.

Na jambo la ajabu: kilio cha mapacha kinachelewa dakika kumi na tano kila siku. Siku nane mfululizo, hakuna tone lililokataa. Nimewaambia wote, hawa watoto wana tabia ya mwezi. Nitamwandikia mwalimu Zacharie.

Leo nimenunua mikate kwa Viviane, nimemusifu kwa kushika saa. Mama mpole sana. Amesema nisimusifu yeye, nijisifu mimi: akiona moshi wa jiko langu, anajua kumekucha, anajitwisha beseni.

Kesho nitawasha jiko mapema kidogo, nisije nikamukosa.